Kabla Hajaitwa Mwendawazimu

Katika mtaa tuliokuwa tukikaa zamani palikuwa na binti wa miaka 19 aliyekuwa akijifunza ushoni kwa shangazi yake, hodari wa mkono na mpole wa kauli, ambaye baada ya homa ndogo na maumivu ya kichwa yaliyodumu siku tatu nne, alichukua gauni la harusi la watu akalishona mikono yote miwili upande mmoja, na alipoulizwa akacheka kicheko ambacho hakikuwa chake. Usiku huo hakulala. Usiku wa pili hakulala vilevile, akawa ananong'ona na ukuta na kudai kwamba majirani wametia sumu kisimani. Siku ya sita maneno yakaanza kumpungukia, siku ya tisa akawa haneni kabisa, ila kinywa chake hakikutulia, kikitafuna na kutafuna mfano wa mtu alaye tambuu, ilhali kinywani hamna tambuu wala popoo. Mama yake akimwinua mkono ili amvishe kanzu, mkono ulibaki palepale hewani mpaka ateremshiwe.

Watu wazima wa mtaa walifanya kila walilolijua. Walisema malaria imempanda kichwani, wakampa dawa ya malaria, haikumfaa kitu. Akaletwa mwalimu akamsomea, akamwandikia kombe kwa zafarani, akanyweshwa. Kisha akaletwa mganga, ambaye kabla hajakaa kitako alikwisha kumtambua pepo na kutaja gharama za ngoma ya kumpunga. Mwisho akafikishwa hospitalini, na huko nako, baada ya damu kupimwa na kuonekana haina malaria, aliandikwa kuwa ana maradhi ya akili, akalazwa na wagonjwa wa namna hiyo, akachomwa sindano ya kumtuliza. Mwili ukazidi kukakamaa, homa ikapanda, pumzi ikawa inakatika, na siku ya 23 tangu gauni lile akafariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuna hata mmoja aliyempima maji ya uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo hakuna leo awezaye kuapa kwamba binti yule aliuawa na maradhi fulani; lakini dalili zile, moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule, nilikuja kuzisoma miaka mingi baadaye katika maandiko ya utabibu, na nilipozisoma niliweka karatasi chini nikatoka nje.

Rai yangu naiweka hapa mwanzoni ili msomaji mwenye haraka asipate taabu ya kuitafuta. Kijana aliyekuwa timamu hata juzi, ambaye katika muda wa siku au majuma machache amegeuka tabia na akili, na hasa ikiwa alitanguliwa na homa, au ameangushwa na kifafa ambacho hakuwa nacho, au viungo vyake vimeingia mwendo ambao si wake, huyo ni mgonjwa wa dharura, na ubongo wake unastahili kuchunguzwa kama unavyochunguzwa moyo au figo, kabla ya mtu yeyote, awe mganga wa mizizi au mganga mkuu wa wilaya, kutamka juu yake neno wazimu.

Wala sisemi haya ili kuwafedhehi wazee wa mtaa wetu, kwani maradhi yenye dalili zile hasa, ambamo kinga ya mwili huugeukia ubongo, hayakuwa na jina katika hospitali yoyote duniani mpaka mwaka 2007. Miaka miwili kabla ya hapo, Josep Dalmau, tabibu wa mishipa ya fahamu mzaliwa wa Hispania ambaye wakati huo alikuwa mjini Philadelphia, Marekani, aliandika pamoja na wenzake habari za wanawake wanne vijana walioshikwa na wazimu wa ghafla, kusahau, kupotewa na fahamu na kushindwa kuvuta pumzi, na ambao wote, kwa ajabu iliyowashangaza matabibu, walikutwa na uvimbe wa teratoma katika kifuko cha mayai ya uzazi. Teratoma ni uvimbe wa namna ya peke yake: ukipasuliwa huweza kuonekana ndani yake nywele, meno, na pengine hata chembe za ubongo, kana kwamba mwili ulitaka kuumba mtu ukaghairi. Sasa kinga ya mwili, ikizikuta chembe za ubongo mahali pasipo ubongo, huziona kuwa ni ugeni, ikatunga kingamwili za kuzishambulia. Na kingamwili hizo, zikisha kutungwa, hazibagui ubongo ulio ndani ya teratoma na ubongo ulio ndani ya fuvu.

Mwaka 2007 Dalmau alitambua zinaposhikilia. Juu ya seli za ubongo kuna vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo kwa njia yake seli hupashana habari, na bila yake kumbukumbu, usemi na utambuzi wa mambo huvurugika. Kingamwili huvishika vipokezi hivi, na seli huvimeza ndani, vikawa havipo tena juu. Anayetaka kujua hali hiyo inafananaje na amwulize muuguzi yeyote wa chumba cha upasuaji cha hospitali ya wilaya, ambaye amewaona watu waliolazwa usingizi kwa ketamini wakizinduka: wako waliokodoa macho na hawaoni, wako wanaonena na wafu, na wako wanaosimulia kwamba walitoka katika miili yao wakajitazama kutoka darini. Ketamini hufanya kazi yake kwa kuviziba vipokezi hivihivi, nayo hutoka mwilini baada ya muda mfupi. Mgonjwa wetu amezibwa mchana na usiku kwa majuma na miezi. Lakini katika maelezo haya imo bishara njema, nayo ni kwamba seli zenyewe kwa kawaida hazifi. Kingamwili zikiondolewa, vipokezi hurejea juu, na mtu hurejea naye, polepole, huku akijifunza upya kuzungumza na kutembea.

Habari ya mgonjwa mmoja imekwenda mbali kuliko za wengine. Mwaka 2009, mjini New York, mwandishi wa gazeti mwenye miaka 24, Susannah Cahalan, alianza maradhi yake kwa kuamini kwamba nyumba yake imeingiwa na kunguni. Akaleta mtu wa kuua wadudu, naye akapekua kila mahali asimwone hata mmoja, walakini binti hakusadiki. Baada ya kunguni ukaja wivu, baada ya wivu hofu na kukosa usingizi, kisha kifafa, na matabibu wakampa majina moja baada ya jingine: huyu akasema ni pombe na uchovu wa kazi, yule akasema ni maradhi ya akili, na picha za ubongo, ambazo zilipigwa kwa mitambo ambayo sisi tunaililia, zikaonekana safi. Vipimo viligharimu kiasi cha dola milioni moja. Kilichofungua fumbo ni karatasi na kalamu. Tabibu Souhel Najjar, mzaliwa wa Sham, alimwambia achore uso wa saa. Binti akachora duara, akaanza kuandika tarakimu, na zote 12 akazisonga upande wa kulia, upande wa kushoto ukabaki mweupe. Mwenye maradhi ya akili tupu hasahau nusu ya dunia. Aliyeisahau ni ubongo uliovimba upande wa kulia. Akatibiwa, na baada ya miezi kama saba alirudi kazini, na mwaka 2012 akatoa kitabu cha mkasa wake.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Kipimo hiki cha saa hutumika sana, na aghalabu mgonjwa huambiwa aweke mishale katika saa tano na dakika kumi. Tabibu mgeni asiyejua kwamba Mswahili huhesabu saa zake tangu macheo, akafasiri tarakimu aionayo mbele yake na kusema "saa kumi na moja na dakika kumi", atamwona mzee wa watu akiupeleka mshale mfupi kwenye tano, naye ataandika katika faili kwamba mzee amepotewa na akili, kumbe aliyepotewa ni mwandikaji. Vipimo ni vizuri, lakini sharti vijue lugha ya mwenye kupimwa.

Turudi. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 577 wa maradhi haya: mdogo wao alikuwa mtoto wa miezi 8, mkubwa wao alikuwa na miaka 85, nusu yao walikuwa hawajapita miaka 21, na wanawake walikuwa takriban wanne katika kila watano. Kati ya waliotibiwa, takriban wanne katika kila watano walikuwa, baada ya miaka miwili, wamepona au wamebakiwa na athari ndogo, na waliowahiwa mapema walifaulu zaidi. Si binadamu peke yake wenye kuugua. Knut, dubu mweupe wa bustani ya wanyama ya Berlin aliyependwa na ulimwengu mzima, aliyeanguka majini akafa mbele ya watazamaji mwezi Machi 2011, ilibainika miaka minne baadaye kwamba alikuwa na kingamwili hizihizi.

Asidhani msomaji kwamba ninamletea maradhi ya Wazungu na dubu zao. Katika milima ya Mahenge, mkoani Morogoro, tabibu wa Kinorwe, Louise Aall, alifungua kliniki ya wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miongoni mwao akawaona watoto ambao vichwa vyao huinama na kuinuka mara kwa mara mfano wa mtu anayesinzia barazani. Hali hiyo ikaja kuonekana Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, ikiwapata watoto kwa maelfu. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba baadhi ya watoto hao wana kingamwili zinazoshika kitu fulani cha ndani ya seli za ubongo, na kwamba kingamwili hizo hushika pia mnyoo unaoenezwa na nzi wa usubi, kana kwamba kinga iliyotungwa kumpiga mnyoo ilikosea njia. Wengine wameipinga dhana hiyo na mjadala ungalipo. Kwangu inatosha kuonyesha kwamba swali la kinga iligeukiayo ubongo ni swali la Mahenge kama lilivyo la Philadelphia.

Kadhalika kirusi cha malengelenge ya mdomoni, ambacho watu wengi wamepata kukibeba, mara chache hupanda ubongoni na kuuvimbisha. Na katika wanaonusurika, takriban robo hurudiwa baada ya majuma machache na uvimbe wa pili, usiosababishwa na kirusi bali na kinga yenyewe. Mzazi aliyeambiwa mwanawe amepona, akamwona anaharibika tena, asikubali kuambiwa kwamba hayo ni makovu tu.

Wala maradhi ya jamii hii hayakuwaachilia wazee. Iko namna nyingine, ambayo kingamwili zake hushika kitu kiitwacho LGI1, nayo huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, wanaume kuliko wanawake. Mtazame mzee akinywa kahawa na wenziwe: ghafla shavu linajikunja na mkono wa upande huohuo unaruka, kikombe kinaanguka, na kabla wenzake hawajasema "pole" mambo yamekwisha, maana hayakuchukua hata sekunde tatu. Hutokea mara nyingi kwa siku, pengine makumi ya mara. Damu yake ikipimwa, aghalabu chumvi ya sodiamu hukutwa imepungua. Baada ya majuma anaanza kuuliza jambo lilelile mara tano, na aila yake inasema uzee umeingia. Dawa za kawaida za kifafa humfaa kidogo; steroidi, dawa zinazoituliza kinga, humfaa sana, na akiwahiwa kabla kumbukumbu haijaporomoka, mara nyingi kumbukumbu hiyo huokolewa.

Sasa nifikie jambo la fedha, kwani najua ndipo panapokatia tamaa. Kipimo cha kutafuta kingamwili hizi katika maji ya uti wa mgongo hakipatikani katika hospitali zetu nyingi, na sampuli ikipelekwa mbali majibu huchukua majuma. Watu husema: maadamu hatuwezi kupima, hatuwezi kutibu. Hujja hii ilivunjwa mwaka 2016, pale mabingwa wa maradhi ya jamii hii kutoka nchi mbalimbali walipotoa masharti ya kuyatambua, wakasema bayana kwamba tiba haipaswi kungojea majibu ya kingamwili. Mgonjwa ambaye katika muda usiopita miezi mitatu amepotewa na kumbukumbu, au fahamu yake imebadilika, au ameingiwa na wazimu, na pamoja na hayo ana kifafa kisichokuwa na asili ya zamani, au chembe nyeupe zimezidi katika maji ya uti wa mgongo, au upande wa mwili umedhoofika, au picha ya MRI ina dalili, na sababu nyingine zimechunguzwa na kuondolewa, huyo anaweza kuanzishiwa tiba. Basi tazama kinachohitajika: sindano ya mgongo, darubini ya kuhesabia chembe, na jicho la tabibu. Hivyo tunavyo.

Na dawa ya kwanza tunayo vilevile, au tunaweza kuwa nayo tukitaka: methiliprednisoloni, jamii ya steroidi, gramu moja kwa siku katika mshipa kwa siku tatu hadi tano. Mwanamke apigwe altrasaundi ya tumbo la chini kutafutwa teratoma, na ikionekana itolewe, kwani kuiacha ni kukausha maji sakafuni na bomba liko wazi. Zilizo ghali ni zile zifuatazo: imunoglobulini, ambayo hutengenezwa kwa plazma ya watu maelfu waliotoa damu, na ubadilishaji wa plazma unaohitaji mtambo wake, na kwa mgonjwa asiyepata nafuu, rituksimabu au saiklofosfamidi. Rituksimabu imo tayari katika hospitali zitibuzo saratani ya tezi za limfu, na sioni kwa nini ukuta wa wodi moja uizuie isimfikie mgonjwa wa wodi ya pili. Wizara za afya za nchi zetu, zikiandika miongozo ya tiba, na ziyataje maradhi haya kwa jina. Dawa isiyotajwa katika mwongozo haiagizwi, na tabibu kijana wa wilayani hana ubavu wa kuitumia peke yake.

Najua lawama itakayokuja: kwamba kila mwenye kuchanganyikiwa atapewa steroidi. La. Steroidi huituliza kinga, na mwenye kijidudu anaihitaji kinga hiyo, kwa hiyo kwanza ziondolewe malaria, kifua kikuu cha utando wa ubongo, homa ya uti wa mgongo, kaswende, na fangasi wanaowapata wenye upungufu wa kinga. Na dawa ya kirusi cha malengelenge ianze, iendelee mpaka ithibitike kwamba hakimo. Huko Marekani na Ulaya, ambako jina la maradhi haya limekuwa maarufu, tayari wamevuka mpaka wa pili: mwaka 2023 ziliandikwa habari za wagonjwa zaidi ya mia moja waliopewa jina hili kimakosa, wengi wao wakiwa hawakutimiza masharti niliyoyataja. Vilevile walio wengi katika wenye maradhi ya akili hawana uvimbe wa ubongo, nao ni wagonjwa wenye haki ya tiba na heshima. Sidai kwamba wazimu haupo. Nadai mpangilio wa uchunguzi.

Limebaki jambo ambalo halihitaji bajeti wala wizara, nalo ni hofu yetu ya sindano ya mgongo. Nimekaa na jamaa za wagonjwa katika veranda za hospitali, na nimewasikia wakinong'onezana kwamba fulani alipimwa maji ya uti akapooza, na fulani alipimwa akafa. Hofu hii si upumbavu, maana wengi waliopimwa walipelekwa wakiwa mahututi, na watu wakahesabu sindano badala ya kuhesabu siku zilizopotea. Lakini uti wenyewe wa fahamu huishia juu kidogo ya kiuno, na sindano huingizwa chini yake, mahali ambapo hamna uti ila maji na nyuzi za mishipa zinazoelea. Kinachotolewa ni kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai, na mwili, ambao hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku, hukirudisha kabla ya saa moja kupita. Kichwa huweza kuuma siku kadhaa. Tabibu akihofu kwamba shinikizo ndani ya kichwa limezidi, hutangulia kupiga picha.

Bibi zetu walisema degedege ni ndege apitaye usiku juu ya paa, na wengi walikataza mtoto mwenye degedege asichomwe sindano, wakiamini ndiyo itakayommaliza. Na leo mama wa kijiji walimoishi bibi hao humfunga mtoto mgongoni akakimbilia zahanati kabla hata ya kumwamsha mumewe. Hakumwacha ndege kwa kuchekwa. Alimwacha kwa sababu mtoto wa jirani alichomwa akapona.

Basi ndugu msomaji, ukikupata msiba wa kijana aliyebadilika ghafla, somesha dua, maana dua haigombani na dawa, lakini isomwe njiani kuelekea hospitalini. Mweleze daktari siku gani alikuwa mzima, siku gani homa ilianza, lini alikosa usingizi, lini kinywa kilianza kutafuna. Yaandike, kwa kuwa yeye hakumjua mwanao kabla. Akikuletea karatasi ya ridhaa ya kupima maji ya uti wa mgongo, tia saini. Na ikiwa siku mbili zimepita hajakuletea, mwulize kwa adabu ni kwa nini.